Je, Wajua Kwa Nini Hema la Turubai Halivuji Ilhali Limejaa Matundu?

Chukua kipande cha turubai la pamba, lile zito la mahema ya kizamani, ukiinue kukielekea jua. Utaona vitone vya mwanga vikipenya kati ya nyuzi, mamia kwa mamia. Muuzaji naye anakuapia kwamba hema hilo linakinga mvua. Ajabu ni kwamba hadanganyi.

Sisemi hapa lile turubai la plastiki tunaloanikia alizeti na kufunikia mizigo ya lori. Hilo halina siri: maji hayapiti, na hewa nayo haipiti. Nasema kitambaa kilichofumwa kwa pamba tupu, au pamba iliyochanganywa na poliesta.

Siri yake ni kwamba pamba hunywa maji. Unyuzi wa pamba karibu wote ni selulosi, ile nyuzinyuzi inayojenga mimea, na selulosi hupenda maji. Ukilowa haurefuki sana, bali hunenepa, mithili ya maharage yaliyolazwa kwenye maji usiku kucha. Sasa fikiria nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindio (zinazozikatiza) zilizobanwa kwa nguvu kiwandani. Zikinenepa zote kwa pamoja hazina pa kwenda isipokuwa kwenye vile vitundu vilivyobaki kati yao. Kitambaa kinajiziba chenyewe, na kadiri kinavyolowa ndivyo kinavyokaza. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: uzi wa pamba uliolowa una nguvu kuliko ulio mkavu, kwa hiyo hema halidhoofiki pale hasa linapohitajika.

Je, zile dakika za mwanzo, kabla nyuzi hazijanenepa? Hapo kazi hufanywa na maji yenyewe. Chembe za maji hushikamana, na tone likikuta tundu dogo mno hutanda juu yake badala ya kupenya. Viwanda huongeza nta au dawa ya kuzuia maji ili tone lizidi kukataa kusambaa. Ndiyo maana hema la namna hii halifuliwi kwa sabuni ya unga. Sabuni huvunja mshikamano huo wa maji na kuondoa ile dawa, na mvua inayofuata utailalamikia bure.

Kutokana na hayo, hema jipya linaweza kudondosha maji siku ya kwanza bila kuwa bovu. Sehemu inayosumbua zaidi ni kwenye mishono, kwa sababu sindano ya cherehani imeacha tundu kubwa kuliko matundu ya ufumaji. Mahema mazuri hushonwa kwa uzi wenye kiini cha poliesta uliozungushiwa pamba: poliesta inashika, pamba inavimba na kuziba tundu la sindano. Kabla ya safari, lisimamishe nyumbani, lilowanishe lote, liache likauke kabisa, kisha rudia mara moja au mbili. Najua kwamba kumwagia hema ndoo za maji Dodoma, tena mwezi wa Septemba, ni kuwachokoza majirani. Subiri mvua za Desemba zikufanyie kazi hiyo.

Pia utasikia watu wakionya kwamba ukigusa turubai kwa ndani wakati wa mvua litavuja. Ni kweli. Upande wa ndani una unyevu mwembamba uliotulia kati ya nyuzi. Kidole kinauvuruga na kuyapa maji njia, na tone likishapata njia hufuatwa na mengine mpaka kitambaa kikauke. Likikutokea, weka kidole pale pale na ukiburute hadi chini ukutani. Maji yatafuata mstari huo badala ya kukudondokea godoroni. Ila ni bora hema liwe na nafasi ya kutosha, ili vichwa na mabegi yasiegemee kuta.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi huja kwa kishindo na kupita. Kwa maoni yangu, anayenunua hema la kutumia Kanda ya Kati akiwa anawaza mvua tu, ameanzia pasipofaa. Hapa adui wa kila siku ni jua, upepo na vumbi. Mionzi ya jua hula nailoni nyembamba pole pole hadi ikaanza kuchanika kwa mkono. Turubai nene nalo huzeeka, lakini huchukua muda mrefu zaidi, na kivuli chake ni kizito. Halipigi makelele ya kupepea usiku kucha upepo unapovuma. Na kwa kuwa hewa hapa ni kavu, hema lililoloweshwa alasiri hukauka upesi. Kwa mtu wa Bukoba, kwenye mvua na unyevu mwingi, ningesita kidogo.

Faida nyingine utaiona Juni na Julai, usiku wa Dodoma unaposhuka hadi nyuzijoto 14 au chini yake. Pumzi za waliolala ndani ya hema la nailoni hugeuka matone yakikutana na kitambaa baridi, na asubuhi blanketi limelowa ilhali mvua haikunyesha. Kwenye turubai la pamba, mvuke hupenya na kutoka nje kupitia vile vile vitundu. Lakini usije ukajidanganya kwamba kwa sababu hema linapumua unaweza kuingiza jiko la mkaa ujipashe moto. Likilowa limejiziba, na hata likiwa kavu, gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Jiko libaki nje.

Dukani, uliza uzito wa kitambaa kwa mita ya mraba. Gramu 300 hadi 400 ni kipimo cha hema la kudumu. Halafu piga hesabu: hema la familia laweza kumeza mita za mraba 30 za kitambaa, na kwa gramu 350 hizo ni kilo kumi na nusu, kabla hujahesabu nguzo, sakafu ya plastiki na vigingi. Ukiwa na gari na unakwenda Kolo kuona michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo ipo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, au unashuka Mtera kuelekea Ruaha, uzito huo si kitu. Ukisafiri kwa bodaboda au kwa miguu, nunua la nailoni na usione haya.

Usisahau vigingi. Vile vyembamba vya bati vinavyokuja na hema vingi havifai huku. Ardhi ya Kanda ya Kati ikishapigwa na jua la kiangazi haibembelezwi. Waingereza waliligundua hilo Kongwa, walipoanzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947: mvua zilipokatika, udongo wenye mfinyanzi uligandamana, zana zikaharibika na karanga nyingi zikabaki chini bila kuchimbika. Kama trekta lilishindwa, kigingi cha bati kitafanya nini? Mpe fundi wa kuchomelea akukatie nondo urefu wa mkono hadi kiwiko na kuzipinda kichwani, na ubebe nyundo ya maana.

Kamba zina tabia zake. Za katani au pamba hujikunja zikilowa, na turubai lenyewe hukaza, kwa hiyo mawingu yakikusanyika zilegeze kidogo, la sivyo zitang'oa vigingi au kupasua pembe za hema. Za nailoni hufanya kinyume, hulegea zikilowa, na hizo utalazimika kuzikaza mvua ikiendelea.

Ukinunua la mtumba, ingiza pua ndani kwanza. Harufu ya ukungu ikikupiga, tafuta madoa meusi, kisha shika kitambaa kwa vidole viwili vya kila mkono na uvute kwa nguvu hapo hapo kwenye doa. Likitoa mlio wa kuchanika, liache. Ukungu hula pamba, na hakuna dawa ya kurudisha uzi uliokwisha kuliwa. Mchwa nao huila, kwa sababu selulosi ndiyo chakula chao, iwe kwenye mti au kwenye hema. Ukirudi safari anika hadi mishono ikauke, kung'uta vumbi, kunja, na uliweke juu ya kichanja, mbali na ukuta. Hema lililoachwa stoo kwenye sakafu ya udongo kuanzia Mei hadi Desemba, mchwa wa Dodoma watakuachia zipu na pete za chuma.