Mashindano ya Dunia ya Hoki ya Barafu ya Vijana ni nini?

Ni mashindano ya timu za taifa za wanaume wa chini ya miaka 20, yanayosimamiwa na shirikisho la kimataifa la mchezo huo, IIHF. Yalianza rasmi 1977 na huchezwa kila mwaka, kwa kawaida kuanzia 26 Disemba hadi 5 Januari, wakati huku Unguja na Pemba joto la Kombe la Mapinduzi linapanda.

Ukitaka kuyaelewa, anza na umri. Kinachotazamwa ni mwaka wa kuzaliwa. Kwa mashindano yaliyomalizika Januari 2025, aliyezaliwa 1 Januari 2005 alikuwa halali. Wa 31 Disemba 2004 alikuwa nje. Kwa hiyo mtu anaweza kutimiza miaka 20 katikati ya mashindano na akaendelea kucheza. Waliokulia kwenye Juvenile na Central, madaraja ya soka la vijana huku Zanzibar, wanajua kanuni iliyo wazi kama hii inavyoepusha ugomvi wa vyeti.

Kanuni hiyo pia hufanya vikosi vibadilike sana kila mwaka, na wenye miaka 19 ndio huwa nguzo. Kijana wa 17 akiitwa, ujue ni kipaji hasa. Ila umri kuruhusu hakutoshi: NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, huwa katikati ya msimu, na klabu hailazimiki kumwachia mchezaji. Mfano ni Connor Bedard wa Kanada: alifunga mabao 9 na kutoa pasi za mabao 14 katika mechi 7, Kanada ikatwaa ubingwa Januari 2023. Mashindano yaliyofuata umri ulikuwa bado unamruhusu, lakini alishakuwa NHL, katika klabu ya Chicago.

Daraja la juu lina timu 10, makundi mawili. Nne za kila kundi huingia robo fainali. Mbili za mkia hukutana, na inayofungwa hushuka daraja. Wapenzi wa soka hukosea kusoma msimamo: hakuna sare. Kushinda ndani ya dakika 60 ni pointi 3, kushinda muda wa nyongeza au kwa penalti ni 2, na aliyefungwa huko hupata 1.

Mechi ni vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila mchezo unaposimama, kwa hiyo tenga saa mbili na nusu. Uwanjani kila timu huwa na wachezaji sita, kipa akiwemo, wakibadilishana kila sekunde 40 hivi bila kusubiri filimbi. Akizidi mmoja, timu inacheza pungufu dakika 2, au mpaka ifungwe bao. Paki, kile kidude cha mpira mgumu chenye upana wa sentimita 7.62 na uzito wa gramu 156 hadi 170, hugandishwa kwanza, kwa sababu ikipata joto hudundadunda.

Kwa anayetazama kutoka Zanzibar, mechi ya saa moja na nusu usiku Ottawa ni saa tisa na nusu usiku kwetu. Ya saa moja usiku Prague ni saa tatu tu.