Samaki anawasha taa ili asionekane, inawezekanaje?

Kwa mtu wa Kigoma taa majini ina kazi moja tu, kuita dagaa. Usiku wa giza ukiwa Kibirizi unaona taa za wavuvi zimetapakaa ziwani kote, basi ukiambiwa kuna samaki wa jenasi Argyropelecus wana taa tumboni unajua kabisa wanaitia windo. Wala. Zile ni taa za kujifichia, na hapo ndo pananoga.

Kwanza usiwatafute Tanganyika. Ziwa lina kina cha karibu mita 1,470, sawa, ila ukishapita mita 100 mpaka 200 hivi oksijeni hamna, samaki hakai. Hawa ni wa baharini, hata Bahari ya Hindi wapo, kuanzia mita 200 hivi kushuka chini. Wadogo, bapa, ubavu wa fedha, macho yametazama juu muda wote.

Sasa chukulia mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa wanapumzika, na siyo kwamba taa zimeharibika, mwanga wake ni uleule wa juzi, ila ziwa zima limeshaangazwa kwahiyo taa haina cha kujitofautisha nacho na dagaa hawaji. Taa inaonekana kwa sababu ya giza lililoizunguka, ukiondoa giza umeifuta taa. Huyu samaki anaishi kwa hesabu hiyohiyo. Kule aliko mwanga wa jua unafika kidogo sana, wa bluu, tena toka juu, na adui aliyeko chini akiinua macho angeona kivuli cheusi cha samaki, sema tumbo linashusha bluu kwa kiasi kilekile cha juu na kivuli kinazibika. Kila taa ina kioo nyuma na kichujio cha rangi mbele, yaani fundi kamaliza.

Kiasi anakijuaje? Ana taa ndogo karibu na jicho inayomulika ndani ya jicho lenyewe, inadhaniwa ndo anayolinganishia, ila kumpima akiwa mzima ni shughuli, nyavu zikimfikisha juu keshakufa au yuko hoi.

Na ujanja wenyewe una tundu. Mwanga wake una kijani kidogo kuzidi ule wa jua kule chini, kwahiyo samaki mwenye lenzi ya njano jichoni, inayokata bluu, anaweza kumbaini. Mmoja wa wenye lenzi hizo ni Argyropelecus affinis, wa jenasi hiyohiyo, na taa zake tumboni kaziwasha.