Furu wetu wa Mwanza, sio sangara peke yake aliyewamaliza

Aliyekulia Mwanza miaka ya 1970, iwe Kirumba, Igogo au Nyegezi, mtajie furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, uone anavyochangamka. Walikuwa wanauzwa kwa mafungu, wadogo wa kidole kidole, wanakaangwa mpaka mifupa inatafunika, na sisi watoto tulikuwa tunawavua wenyewe pale kwenye mawe kwa ndoano na nyungunyungu, unarudi nyumbani na mtungo wako hata kama umechelewa hakuna wa kukugombeza.

Mimi ni mtaalamu wa samaki na kila nikikaa na watu wa rika langu naambiwa sangara ndo kala furu wote. Ni kweli ila sio yote. Sangara sio wa ziwa hili, aliletwa upande wa Uganda miaka ya 1950, akakaa kimya muda mrefu alafu katikati ya miaka ya 1980 akafumuka kwenye ghuba yetu ya Mwanza. Lakini kabla hajajaa, tayari kulikuwa na meli za kukokota nyavu zinazozoa furu tani kwa tani wakasagwe kuwa chakula cha mifugo, na hilo watu wanalisahau kabisa. Halafu furu haongezeki haraka, jike anabeba mayai mdomoni na anakaa nayo humo mpaka vitoto viweze kuogelea, sasa mayai yanayoenea kwenye kimdomo kile ni mangapi, wakati sangara anamwaga mamilioni. Ziwa zima lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, nyingi zimepotea.

Kinachoniuma zaidi mimi ni maji. Kuna furu mmoja wa mawe anaitwa kisayansi Pundamilia nyererei, alipewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Dume lake ni zuri aisee, mgongo mwekundu, ubavu wa njano wenye mistari myeusi. Ana ndugu yake, Pundamilia pundamilia, huyo dume lake ni la bluu. Majike yao yanafanana mno, kwahiyo kinachowatenganisha ni jike kuchagua dume kwa rangi. Sasa mbolea na udongo kutoka mashambani, majitaka ya mjini yanayoshuka na Mto Mirongo, vyote vinaishia ziwani, mwani unaota, mwanga hauingii, jike haoni rangi vizuri anazaa na yeyote. Huko kisiwa cha Makobe, mdomoni mwa ghuba ambako maji bado ni maangavu, wekundu na bluu wapo kila mmoja kivyake. Ukiingia ndani ya ghuba mpaka kisiwa cha Luanso, maji ni tope na aina hizo mbili zimeshachanganyika, hapo hajaliwa furu na sangara, ni uchafu tu.

Wale wa mawe angalau walipona, maana sangara mkubwa hapendi kujibana kwenye mawe ya maji mafupi. Na wa maji ya wazi baadhi wamerudi tangu miaka ya 1990, sangara alipoanza kuvuliwa sana kwa ajili ya viwanda vya minofu. Ukienda soko la samaki la Mwaloni kununua dagaa usikimbilie kufunga mzigo, chambua kidogo, yule mpana mpana mwenye magamba aliyejichanganya humo ni furu.