Taa ya banda la gari isikae juu ya gari

Jioni moja ya Julai, baridi ya Uyole ikiwa imekaza, mzee mmoja aliyestaafu udereva wa malori aliniita nyumbani kwake nimwangalizie taa. Banda lake la gari ni zuri: matofali ya kuchoma, bati la msauzi, sakafu ya zege. Kwenye kenchi ya katikati ilining'inia balbu moja nyeupe, kali kweli. Alipoinua boneti, kivuli chake kikaifunika injini yote. Mzee akatoa simu mfukoni, akawasha tochi, akaibana kwa meno. Mkono mmoja ukashika dipstiki, mwingine kitambaa. Alipoitoa simu mdomoni akaniambia, "Mwalimu, taa ninayo. Mwanga sina."

Nafundisha umeme wa majumbani katika chuo cha ufundi stadi hapa Mbeya, na maneno yale nimeyarudia darasani mara nyingi tangu siku hiyo. Kosa alilokuwa nalo mzee liko kwenye mabanda mengi niliyoingia, kuanzia Mwanjelwa hadi Tukuyu. Fundi anapima katikati ya dari, anafunga taa pale, kazi imekwisha. Katikati ya banda ndipo gari linapokaa. Taa inamulika paa la gari, mahali ambapo hakuna mtu anayefanya kazi yoyote. Kazi iko kwenye matairi, kwenye milango, kwenye buti na chini ya boneti, na huko kote kuna kivuli cha gari lenyewe.

Basi anza na gari, halafu ndipo uifikirie taa. Ingiza gari bandani uliegeshe kama unavyoliegesha siku zote, kisha piga chaki sakafuni kulizunguka. Tuchukue banda la upana wa mita 3 na urefu wa mita 6. Gari dogo kama Toyota IST lina upana wa takriban mita 1.7, kwa hiyo kila upande inabaki njia ya sentimita 65 hivi. Taa zipite juu ya njia hizo, sentimita 40 au 50 kutoka ukutani, zikiwa zimelala kufuata urefu wa gari. Moja kulia, moja kushoto. Ya tatu ilale kukatiza upande wa mbele, kati ya ukuta na pua ya gari, ili boneti ikiinuka mwanga uingie kwa mbele badala ya kuzibwa kwa juu. Hapo hata kama meza yako ya kazi iko ukuta huo wa mbele, taa hiyohiyo inaitosha kwa kazi za kawaida. Kama mlango wako ni wa kukunja kwenda juu, ufungue hadi mwisho kabla ya kutoboa chochote. Nimeshaona taa mpya iliyomezwa na mlango siku ya kwanza.

Kwa mpangilio huo, taa ndefu za LED za mita 1.2 zinafaa kuliko balbu. Balbu ni nukta moja ya mwanga, na nukta moja inachonga kivuli kikali. Taa ndefu inamwaga mwanga kwenye mstari mzima, kivuli kinalainika, na mkono wako haujizibii kazi yako mwenyewe.

Dukani watu huuliza wati. Wati inakwambia umeme utakaoliwa, haikwambii mwanga utakaoupata. Mwanga unaotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni, na namba hiyo huandikwa kwenye boksi. Unaotua juu ya eneo hupimwa kwa luksi, yaani lumeni kwa kila mita ya mraba. Kwa kuegesha gari na kutafuta jembe, luksi 100 zinatosha, lakini kazi ya mkono kwenye injini inataka 300 au zaidi pale unapotazama. Kwa banda zima mimi hupigia hesabu luksi 150. Banda letu lina mita za mraba 18, kwa hiyo tunahitaji lumeni 2,700 zifike chini. Si zote zitakazofika: nyingine zinamezwa na kuta, nyingine na vumbi. Nikikadiria kwamba zitafika asilimia 60, nahitaji kununua lumeni 4,500. Taa moja ya LED ya wati 18 hutoa kama 1,800. Tatu zinatoa 5,400, na hesabu imekaa. Lakini kama kuta ni tofali tupu lisilopigwa lipu, hata hizo utaziona chache. Ndoo moja ya chokaa nyeupe ukutani itakuongezea mwanga kwa bei ndogo kuliko taa ya nne, na napenda watu waanze na chokaa.

Upande wa LUKU, taa hizo tatu zina jumla ya wati 54. Zikiwashwa saa mbili kila siku, kwa siku 30 zinakula uniti 3.24. Tyubu tatu za zamani za wati 36, ukijumlisha na choki zake, yaani vile vifaa vinavyodhibiti umeme wa tyubu, zinavuta kama wati 135, ambazo kwa muda huohuo ni uniti 8.1. Kwa familia iliyo kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo si ya kupuuza.

Rangi ya mwanga nayo imeandikwa kwenye boksi, kwa kelvini. 2,700 ni njano ya sebuleni, 6,500 ni nyeupe inayoelekea buluu. Kwa bandani chagua 4,000 hadi 5,000. Kipo pia kipimo cha uaminifu wa rangi, CRI, na kisishuke chini ya 80. Ukitaka kujua umuhimu wake, jaribu kutenganisha waya wa kahawia na mwekundu chini ya taa mbovu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vya maeneo ya joto havikufundishi, nalo ni jasho la bati. Kwenye nyanda zetu hizi, Mbeya, Iringa, Njombe hadi Makete, usiku wa Juni na Julai bati linapoa kuliko hewa iliyo chini yake. Mvuke uliomo bandani, hasa gari likiwa limeingia limelowa, unagandamana chini ya bati kuwa matone. Alfajiri yanaanza kudondoka. Mabanda mengi hayana dari, kwa hiyo matone yanatua moja kwa moja juu ya taa, kwenye viungio vya waya. Taa ya mzee wa Uyole nilipoifungua, holda ilikuwa na kutu ya kijani kwenye shaba, na utepe wa kuzungushia waya ulikuwa umeachia, unaning'inia kama ganda la ndizi. Alikuwa amefungiwa taa ya ndani kwa sababu banda lina paa. Paa analo, lakini maji yanatengenezwa ndani ya paa hilohilo.

Kwa hiyo, kwa banda lisilo na dari, nunua taa iliyozibwa yenye alama ya IP65. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi, na 6 maana yake vumbi haliingii kabisa. Ya pili inahusu maji, na 5 maana yake inastahimili maji yanayorushwa kwa bomba. Itakufaa pia kuanzia Agosti hadi Oktoba vumbi linapotawala. Ila alama hiyo ni kweli pale tu fundi anapokaza vizuri kizibo cha mpira waya unapoingilia. Akitoboa tundu lake mwenyewe kwa bisibisi, IP65 imekufa siku hiyohiyo. Na waya usishuke kutoka juu kuingia moja kwa moja kwenye taa. Ushuke kwanza chini ya usawa wa tundu, upinde, kisha upande kuingia, ili tone likiteleza juu ya waya lidondoke kwenye pindo badala ya kuingia ndani.

Banda la gari la huku pia ni ghala. Magunia ya mahindi, viazi na mkaa yanapangwa hadi karibu na kenchi, na palipo na mahindi pana panya, na panya anakula waya. Waya wote upite ndani ya bomba la plastiki kutoka kwenye swichi mpaka kwenye taa, usilazwe wazi juu ya papi. Magunia yasiguse taa. LED haina moto kama balbu ya zamani, lakini nayo inapata joto, na ikifunikwa na gunia haidumu.

Kwa watu wa mwisho wa laini, ambao ikifika jioni umeme unapungua nguvu, soma kwenye boksi taa inavumilia volti ngapi. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230, lakini taa iliyoandikwa volti 85 hadi 265 itaendelea kuwaka jirani anapochomelea, wakati ile ya 220 hadi 240 huenda ikapepesa.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na ninalisema hili nikijua wengi watatafuta kijana wa mtaani. Walau ujue cha kumkagua. Laini ya taa itumie waya wa milimita za mraba 1.5, ilindwe na breka ya ampea 6 au 10, isichanganywe na soketi za mashine ya kuchomelea au kompresa. Pawe na kifaa cha kukata umeme unaovuja, RCD, cha miliampea 30, kwa sababu sakafu ya bandani hulowa na mtu hushika vyuma. Waya wa kijani na njano, ule wa ethi unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ufungwe kwenye kila taa yenye mwili wa chuma. Wapo wanaoukata kwa kuuona hauna kazi. Kazi yake utaiona siku waya wa moto utakapogusa bati la taa.

Swichi ikate waya wa moto, yaani kahawia, au mwekundu kwa nyumba za zamani. Isikate nyutro, yaani waya unaorudisha umeme. Ikikata nyutro taa itazimika, lakini pale juu umeme bado upo, na atakayebadilisha taa akiamini imezimwa ataukuta. Kama LED yako inabaki na mwanga hafifu usiku hali swichi umezima, hiyo inaweza kuwa dalili ya kosa hili. Mwite fundi akague.

Wanaobadilisha tyubu za zamani kuweka za LED kwenye fremu ileile wawe waangalifu zaidi. Choki na stata, kile kidude cha kuanzishia tyubu, vinatolewa, na waya unapangwa upya kulingana na mchoro uliobandikwa kwenye tyubu mpya. Nyingine hupokea moto na nyutro upande mmoja, nyingine moto upande huu na nyutro upande ule. Ukizichanganya unaweza kuleta shoti. Fundi akimaliza aandike kwa kalamu isiyofutika kwenye fremu jinsi alivyofunga, ili anayekuja baada ya miaka mitano asibahatishe. Tyubu kuukuu usizivunje, zina zebaki ndani.

Kabla ya kushika waya, zima meini swichi, kisha pima kwa testa. Nasisitiza kupima. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa juu ya ngazi kwenye nyumba moja, umeme wa LUKU umeisha, nikaona hakuna haja ya kushuka kuzima. Ndani ya nyumba mama alikuwa amenunua umeme kwa simu, na mtoto akaingiza zile tarakimu 20 kwenye mita. Redio ya sebuleni ililia nikiwa nimeunyoosha mkono kushika waya. Nilishuka nikakaa sakafuni muda mrefu. LUKU kuisha si kuzima umeme, na sitachoka kuwaambia wanafunzi wangu hivyo.

Hewa ya bandani nayo ina mambo yake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia sakafuni na kwenye shimo la kukagulia gari kwa chini, kwa hiyo taa ya kawaida ya waya mrefu isishushwe shimoni. Tumia ya betri iliyozibwa. Betri ya gari inapochajiwa hutoa haidrojeni, ambayo inapanda juu, basi usichajie betri mahali palipo moja kwa moja chini ya swichi au taa, na acha tundu la hewa karibu na paa. Na asubuhi za baridi, wale mnaowasha gari lipate moto huku mlango umefungwa, nawasihi fungueni. Moshi wa injini una kaboni monoksidi isiyo na harufu, na inaua mtu akiwa anaona usingizi tu.

Mzee wa Uyole sasa ana taa tatu, mbili za pembeni na moja ya mbele, na swichi mbili zinazowasha taa zilezile, moja kwenye mlango wa gari na nyingine kwenye mlango wa kuingilia nyumbani. Kazi ilipoisha tulifunga mlango usiku, tukainua boneti, nikampa dipstiki. Aliifuta, akaichovya, akaisogeza karibu na macho yake. Akaniambia oili iko chini kidogo ya alama ya juu, na simu ilikuwa bado mfukoni. Jaribio hilo fanya na wewe kabla hujamlipa fundi. La pili lisubiri asubuhi ya kwanza ya baridi kali: ingia bandani saa kumi na mbili, papasa chini ya bati juu ya kila taa, halafu tazama ndani ya kifuniko chake cha plastiki. Ukiona ukungu humo, mwite fundi akakaze kizibo kabla ya kuiwasha tena.