Je, wajua kaboni na makaa ya mawe si kitu kimoja?

Anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba vijiji vya wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vinalipwa fedha za kaboni anaweza kudhani huko kumegunduliwa makaa ya mawe. Hakuna anayechimba. Wanalipwa kwa kuacha msitu usimame, na kaboni inayohesabiwa imo ndani ya miti mibichi, kuanzia mizizi hadi matawi.

Kaboni ni elementi, yaani kitu ambacho hata ukikichambua vipi kwa kemia hutapata kingine ndani yake. Atomu yake ina protoni 6, basi. Imo kwenye unga wa ugali, kwenye mafuta ya taa, kwenye pumzi unayoitoa. Mtu mwenye uzito wa kilo 60 amebeba mwilini kama kilo 11 za kaboni.

Makaa ya mawe ni jiwe, na ndani yake kaboni imechanganyika na wenzake: haidrojeni, oksijeni, naitrojeni, salfa, maji na udongo. Fikiria muwa na sukari. Sukari imo ndani ya muwa, tena nyingi, lakini ukitafuna unabaki na makapi. Makaa ya mawe nayo yakiungua huacha majivu, ambayo ni ule udongo usioungua.

Jiwe hilo lilikuwa mimea. Makaa ya Ngaka, Kiwira na Mchuchuma kusini mwa Tanzania yalianza zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, wakati Afrika ingali imeshikana na India na Antaktika. Mimea ilianguka kwenye vinamasi, maji yakazuia hewa isiifikie, ikashindwa kuoza sawasawa. Tope na mchanga vikarundikana juu yake. Kadiri uzito na joto vilivyoongezeka, maji na gesi vilikamuliwa, kaboni ikabaki kwa wingi zaidi na zaidi. Ndiyo maana makaa ya mawe hayafanani. Yale machanga, lignaiti, yana kaboni ya asilimia 60 hadi 75 ukishaondoa maji na majivu. Yaliyokomaa kabisa, anthrasaiti, hupita 90. Mkaa wa jikoni hufuata njia ya mkato: mchomaji hufunika magogo kwa udongo ili hewa iwe haba, na tanuri humaliza kazi kwa siku chache.

Mkanganyiko huu una mizizi kwenye lugha. Neno letu kaa limezaa mkaa, makaa, na hata ukaa wa "hewa ukaa", yaani gesi ya kaboni dioksidi. Wazungu nao walifanya vivyo hivyo: mwaka 1787 wanakemia wa Ufaransa waliiita elementi hii carbone, kutoka neno la Kilatini carbo, yaani kaa. Jina la kitu kizima likapewa kiungo chake kimoja.

Kosa jingine linalopendwa ni kwamba almasi ni makaa ya mawe yaliyogandamizwa. Almasi nyingi zilizopimwa umri zimezidi miaka bilioni moja, kabla mmea wowote haujaota nchi kavu, na zilitengenezwa kilomita 150 au zaidi chini ya miguu yetu. Undugu wao ni wa kaboni tu. Mwaka 1797 Mwingereza Smithson Tennant alichoma almasi ndani ya mrija wa dhahabu, akapima gesi iliyotoka. Ilikuwa hewa ukaa, na kiasi chake kililingana na cha mkaa wa uzito uleule. Jaribio zuri mno! Almasi ya mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ingechomwa hivyo, isingeacha majivu ya kushikika.

Turudi Katavi, maana kule tofauti hii ni pesa. Kaboni ikiungua, kila atomu yake hushika atomu mbili za oksijeni, kwa hiyo gramu 12 za kaboni huwa gramu 44 za hewa ukaa. Tani moja ya kaboni iliyomo mitini ni sawa na takriban tani 3.67 za hewa ukaa, na mikataba ya malipo ya kaboni huandikwa kwa tani za hewa ukaa. Tani moja ya makaa ya mawe ikichomwa haifikii 3.67, kwa sababu sehemu ya uzito wake ni maji na majivu.