Je, wajua kwa nini BGP huvuka fayawoli ilhali OSPF hukwama?

Wahandisi wengi wa mtandao wanapoweka ruta mbili (vifaa vinavyoelekeza data) pande mbili za fayawoli, yaani kizuizi kinachokagua data inayopita, hutaka zipashane habari za njia zenyewe kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) kama BGP au OSPF, ili kiungo kimoja kikikatika data ihamie kingine bila mtu kuandika njia mpya kwa mkono. Kanuni ya fayawoli inayoruhusu BGP kwa kawaida huzaa matunda baada ya marekebisho machache, lakini ile inayoruhusu OSPF yaweza kuandikwa kwa usahihi na bado ruta zisitambuane.

Sababu imo katika namna kila itifaki inavyosafiri. OSPF haitumii TCP wala UDP, zile itifaki mbili ambazo programu nyingi hutumia kusafirisha data. Hubebwa moja kwa moja ndani ya pakiti ya IP kwa namba ya itifaki 89, na kwa hiyo haina poti, yaani namba ya mlango, ya kufunguliwa. Salamu zake, ambazo kwenye Etheneti hutumwa kwa kawaida kila sekunde 10, huelekezwa kwenye anwani ya kundi (inayofikia ruta nyingi kwa pamoja) 224.0.0.5, ambayo ruta haziruhusiwi kuipeleka nje ya mtandao mdogo ilimotoka. Kwa hiyo fayawoli inayofanya kazi kama ruta haiwezi kuzipitisha, hata mwenye fayawoli akiruhusu kila kitu.

Njia moja ni kuiweka fayawoli katika hali ya uwazi, ambamo hukagua pakiti bila kuwa kituo cha IP, na ruta zote mbili zikabaki katika mtandao mdogo mmoja. Hapa pana mtego unaopoteza saa nyingi za watu makini: anayeruhusu anwani za kundi pekee ataona ruta zikisalimiana, kisha zikikwama katika hatua ya ExStart, yaani mwanzo wa kubadilishana habari za njia, kwa sababu muhtasari wa hifadhidata ya njia hutumwa kwa anwani ya ruta jirani yenyewe na wala si kwa kundi. Itifaki 89 iruhusiwe basi kwa anwani za aina zote mbili. Wengine hupitisha OSPF ndani ya handaki la GRE, yaani kwa kuifunga ndani ya pakiti nyingine, lakini sipendekezi kulitumia kubeba data ya watumiaji, kwani fayawoli isiyoona kilichomo ndani imenyang'anywa kazi yake.

BGP huzungumza kwa TCP, poti 179, tena kati ya anwani mbili zinazojulikana, jambo ambalo fayawoli hulielewa vyema. Kwa kuwa upande wowote unaweza kuanzisha mazungumzo, kanuni iruhusu pande zote mbili. BGP kati ya mitandao tofauti kwa kawaida hutuma pakiti zenye TTL (idadi ya hatua pakiti inazoruhusiwa kuvuka) ya 1, hivyo ruta ziambiwe kwamba jirani yuko mbali zaidi ya hatua moja. Nenosiri la MD5, linalotumika kuweka sahihi ya kuthibitisha kila pakiti, nalo huleta shida yake: sahihi hiyo hukokotolewa pamoja na anwani za IP na namba za mfuatano za TCP, kwa hiyo fayawoli inayobadilisha lolote kati ya hayo huifanya sahihi ionekane ya kughushi, na ruta hukataa mazungumzo bila kueleza. Dawa ni kuyaondoa mazungumzo hayo katika mabadiliko hayo, wala si kufuta nenosiri.

Hata hivyo, kuvuka kwa BGP hakuifundishi fayawoli chochote. Ruta mbili zitakuwa zimebadilishana njia zote, lakini data yenyewe ikifika katikati, fayawoli isiyozijua njia hizo itaitupa au kuirudisha ilikotoka. Ndiyo maana naona ni bora fayawoli yenyewe iwe jirani kamili wa ruta za pande zote mbili, ikipokea njia kwa vichujio vikali, kuliko kuwa mpita-njia asiyesikia mazungumzo.

Penye fayawoli mbili sambamba, gharama za njia (namba zinazoonyesha njia ipi ipendelewe) zipangwe ili data ya kwenda na ya kurudi ipite mlango mmoja, au fayawoli hizo zishirikiane jedwali la mazungumzo, yaani orodha ya mazungumzo yanayoendelea. Bila hivyo, jibu litakalorudi kupitia ile ambayo haikuona ombi litazuiwa, ingawa jedwali la njia ni sahihi kabisa.