Mawazo yangu na imani yangu: tunayoyadhani na yaliyoandikwa

Katika jumuiya yetu hapa Moshi, tukishamaliza somo, kuna swali ambalo halikosi mtu wa kuliuliza, tena kwa sauti ya chini: "Nimeokoka, mbona bado nawaza mabaya?" Nawafahamu watu walioacha kushiriki Meza ya Bwana kwa sababu hiyo, na inaniuma. Basi haya ni baadhi ya tunayoyadhani, moja moja, na jibu lake.

"Wazo baya likikujia, umeshatenda dhambi."

Si kweli. Waebrania 4:15 inasema Yesu alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Evagrio, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, aliandika kwamba wazo kuja au kutokuja haliko mikononi mwetu. Kilicho mikononi mwetu ni kuliacha likae au kulitoa. Martin Luther naye, akifafanua Sala ya Bwana mwaka 1519, alikumbusha mfano wa zamani wa ndege: huwezi kuwazuia wasiruke juu ya kichwa chako, ila unaweza kuwazuia wasijenge kiota kwenye nywele zako.

Chukua mama anayeuza mitumba Kiborloni. Jirani yake kafungua belo, limetoka safi tupu. Lake limejaa nguo zilizochanika. Wivu unampitia. Huyo ni ndege tu. Lakini akilala nao, akaamka nao, kesho akaanza kuwanong'oneza wateja kwamba mzigo wa jirani una kasoro, hapo kiota kimeshajengwa.

Niongeze hili: mawazo yanayokunyima usingizi wiki hadi wiki, au yanayokuambia ujidhuru, yapeleke hospitali. Kumwona daktari si kupungukiwa na imani.

"Waza utajiri, utakuwa tajiri; Biblia imesema."

Andiko linalotajwa ni Mithali 23:7, "aonavyo nafsini mwake, ndivyo alivyo." Tafadhali soma na mstari wa 6, kisha umalizie wa 7. Anayezungumziwa ni mwenyeji mchoyo: mdomoni anakukaribisha ule na unywe, moyoni hayuko pamoja nawe. Andiko linaonya juu ya moyo uliojificha nyuma ya ukarimu. Halitoi kanuni ya kuvuta magari na nyumba kwa kuwaza, na nimeumia kuona watu wakimaliza akiba zao wakilitegemea.

"Mungu kwanza, familia ya pili, kazi ya tatu."

Hii ndiyo ngumu kwetu, kwa kuwa inafanana sana na kweli. "Utafuteni kwanza ufalme wake" ni maneno ya Yesu mwenyewe. Lakini katika Marko 7 aliwakemea vikali watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwatunze baba na mama. Walimtanguliza Mungu kwenye orodha, wakamtumia kukwepa amri yake.

Desemba watu wanapanda mlimani, kwao Kilimanjaro, kutoka Dar na kwingineko. Baada ya ibada kuna mnada wa sadaka za mazao, mkungu wa ndizi unapandishwa bei mara kumi, watu wanashangilia. Ni furaha ya kweli, nami huwa napandisha. Ila kama mama yako kule kihambani, kwenye shamba la ukoo, anakunywa dawa nusu dozi kwa kukosa hela, mkungu ule ni Korbani. Kumpenda Mungu hakumalizwi halafu ndipo zamu ya mama ifike. Dawa ya mama imo ndani ya huko kumpenda Mungu.

"Nia hufanywa upya siku ya kuokoka, basi."

Warumi 12:2 inasema "mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu", na "mgeuzwe" hapo, kwa Kigiriki, ni kitenzi cha jambo linaloendelea: endeleeni kugeuzwa.

"Dawa ni kutowaza kabisa."

Paulo anaagiza kinyume chake. Wafilipi 4:8 inataja yaliyo ya kweli, ya staha, ya haki, kisha inasema "yatafakarini hayo." Neno la Kigiriki hapo lilitumika pia kwa kupiga hesabu, na sisi wenye vibanda soko la Mbuyuni tunalielewa upesi. Jioni nikishajumlisha mauzo, nageuza ukurasa wa daftari na kuandika jambo lililonikalia kichwani kutwa nzima. Wiki iliyopita, siku nne kati ya sita, lilikuwa deni ninalomdai shemeji. Jumapili mchana nilikwenda kwake. Deni sikulitaja, nilimuuliza mtoto wake aliyekuwa amelazwa anaendeleaje.